Masizi Yaliyopimwa

Kwa wengi wetu masizi ni uchafu tu: weusi unaopanda darini juu ya kibatari na kung'ang'ania tako la sufuria. Ndiyo maana historia ya taa husimuliwa kama vita vya kuyaondoa. Taa zilizowashwa Marekani kati ya miaka ya 1830 na 1862 zinanifanya niamini vingine: mtengeneza mafuta hodari hakuyafukuza masizi, aliyapima. Mwaka 1830 Isaiah Jennings alipata hataza ya mafuta ya kuchanganya alkoholi na tapentaini. Tapentaini, itokanayo na utomvu wa misonobari, ikiwashwa peke yake hufuka moshi mweusi tii, kwa kuwa molekuli yake ina atomi 10 za kaboni na haina oksijeni hata kidogo. Alkoholi ina atomi 2 tu za kaboni, na oksijeni yake imo humohumo. Mwali wake ni wa buluu, safi, na chumba hubaki gizani. Zikichanganywa, alkoholi ikazidi, mwali hung'aa bila kutoa moshi. Mkemia Humphry Davy alikwisha kueleza sababu mwaka 1817: kinachong'aa ni chembe za kaboni zinazozaliwa ndani ya mwali, zikapata moto hadi kumeremeta, kisha zikateketea pembezoni penye hewa. Masizi yasiyowahi kutoroka ndiyo nuru yenyewe.

Mkemia Edward Frankland alipinga maelezo hayo miaka ya 1860, akionyesha kwamba hata haidrojeni, isiyo na kaboni, hung'aa ikichomwa chini ya shinikizo kubwa. Jaribio lake lilikuwa la kweli, lakini taa ya mezani haina shinikizo hilo. Nayo sahani baridi ya kaure ikipitishwa katikati ya mwali wake wa njano hutoka nyeusi, hata kama juu hakuna moshi.

Wapo watakaosema mchanganyiko ule ulikufa kwa sababu uliua watu. Kweli uliua: mvuke wake ulilipuka hasa taa ilipojazwa ikiwa inawaka. Ndiyo maana mirija ya tambi ilikuwa mirefu, imetawanywa kama pembe, na kila mmoja una kikofia cha kuuzimia, maana kupuliza kulikuwa hatari. Lakini watu waliijua hatari hiyo na bado wakanunua kwa miaka 30. Kilichoumaliza ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Marekani mwaka 1861, vilivyokata tapentaini ya North Carolina, iliyogemwa kwa jasho la watumwa, na kodi ya alkoholi ya 1862, iliyoanzia senti 20 kwa galoni na kufika dola 2 mwaka 1865. Mafuta ya taa yakaingia yakiwa na kaboni nyingi na bila alkoholi, hivyo kazi ya kuzuia moshi ikahamia kwenye chemni, kioo kinachovuta hewa kuelekea kwenye mwali. Kibatari huchoma mafuta yaleyale kwa utambi mtupu, bila alkoholi wala chemni, na dari huwa nyeusi.