Posho Pasipo Jina

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1876, mkuu wake wa kwanza, Daniel Coit Gilman, hakuanza kwa kujenga majumba ya fahari. Mali ya wakfu aliielekeza kwa watu: kwanza walimu hodari, kisha vijana 20 waliokwisha kupata shahada, ambao kila mmoja wao alikadiriwa posho ya dola 500 kwa mwaka ili atafute elimu mpya pasipo kuhangaikia chakula.

Hapo kabla, Mmarekani aliyetaka kulelewa katika utafiti alivuka bahari kwenda Ujerumani, akaketi meza moja na mwalimu, akasoma hati zenyewe na kutetea hoja zake mbele ya wenziwe. Ni kweli ya kwamba Yale ilitoa udaktari tangu 1861. Lakini Johns Hopkins ndicho chuo kilichofanya malezi ya watafiti kuwa kazi yake ya kwanza. Katika meza ya historia ya Herbert Baxter Adams alipita Woodrow Wilson, aliyepata udaktari wake mwaka 1886.

Mwalimu wa hisabati alikuwa James Joseph Sylvester, mzee wa miaka 61 aliyetoka Uingereza. Huyu aliyajua machungu ya mlango uliofungwa. Mwaka 1837 alikuwa wa pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge, lakini akanyimwa shahada kwa kuwa alikuwa Myahudi, asiyeweza kuikiri kwa sahihi imani ya Kanisa la Uingereza. Aliipata mwaka 1872.

Mwaka 1878 ilifika barua ya Christine Ladd, mwalimu wa shule, akiomba kusoma. Sylvester alilifahamu jina hilo, maana alikwisha kuziona hesabu zake katika jarida moja la London; akamtetea. Wadhamini walikubali kwa shingo upande: ahudhurie mihadhara ya Sylvester peke yake. Ubora wake ukamfungulia na mihadhara mingine, na tangu 1879 akalipwa posho kwa muda wa miaka 3. Hata hivyo jina lake halikuchapwa katika orodha ya wenziwe, wadhamini wakichelea ya kuwa wanawake wengine watadai vivyo hivyo. Fedha ilitoka mkononi, lakini kalamu ilikataa kuandika! Yamkini ubahili wa namna hii humwumiza mwanachuoni kuliko njaa.

Mwaka 1882 alimaliza tasnifu yake juu ya aljebra ya mantiki, chini ya uongozi wa Charles Peirce, naye Peirce akaitia katika kitabu alichokihariri mwaka 1883. Kazi ilistahili kusomwa na ulimwengu. Mtungaji hakustahili shahada, kwa sababu alikuwa mwanamke. Florence Bascom alipewa udaktari wa jiolojia chuoni hapo mwaka 1893, naye alisoma akiketi nyuma ya kiambaza, asije akawashughulisha wanaume.

Christine, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Ladd-Franklin, alirudi Johns Hopkins mwaka 1904 akafundisha mantiki na saikolojia hata 1909, angali hana shahada ya chuo hicho. Alitunukiwa mwaka 1926, chuo kilipoadhimisha miaka 50, naye akiwa na umri wa miaka 78.