Kompyuta za Zamani Zinapokwama Kupokea Mfumo Endeshi Kupitia Mtandao

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 64, masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Shule au ofisi isiyoweza kununua mashine mpya huweza kuweka mfumo wa Linux, na penye mashine nyingi, kazi hiyo hufanywa kupitia mtandao kwa utaratibu uitwao PXE.

Kompyuta inapowashwa, kadi yake ya mtandao huomba anwani kwa seva ya DHCP. Seva hutoa anwani na jina la faili la kuanzishia, kisha faili hilo huchukuliwa kwa njia ya TFTP. Mambo yakikwama, namba inayoonekana kwenye skrini hutaja hatua yenye kasoro.

PXE-E61: kadi haioni mtandao. Kagua kebo na tundu la swichi.

PXE-E51: hakuna seva ya DHCP iliyojibu. Hakikisha imewashwa na iko katika mtandao huo huo.

PXE-E53: anwani imepatikana, lakini jina la faili halikutolewa. Mara nyingi ruta ya kawaida imejibu badala ya seva iliyokusudiwa.

PXE-E32: huduma ya TFTP haijibu. Pengine haijawashwa, au programu ya ulinzi imeufunga mlango namba 69 wa UDP.

Usakinishaji ukianza kisha ukasita, chunguza kichakataji. Mfumo wa biti 64 haukubali kichakataji cha biti 32, na Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Tazama pia tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya CR2032 ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na vyeti vya usalama vya seva hukataliwa. Kumbukumbu mbovu hugunduliwa kwa programu ya Memtest86+.

La muhimu kuliko yote ni kunakili kwanza kumbukumbu za wanafunzi na hesabu za ofisi kwenye diski ya nje. Kazi ikikamilika, mpangilio wa kuwaka kwa mtandao uondolewe katika BIOS. La sivyo, kisakinishi kinachojiendesha chenyewe kinaweza kuifuta diski upya kila mashine inapowashwa.