Kesi ya shamba ikitupwa kwa kutofuatiliwa

Kila tunapozungumzia mashamba kwenye kipindi, hakosi msikilizaji wa kupiga simu kusema kuwa familia yake ilipeleka kesi kortini, ikamlipa wakili, na tangu hapo inangoja kuitwa. Tukimuuliza nambari ya kesi, hana. Tukimuuliza mara ya mwisho ilitajwa lini, hajui. Huyo huenda anangojea kesi ambayo haipo tena.

Hapa Kenya, kesi ya madai, yaani ile isiyo ya jinai, huendeshwa na aliyeipeleka. Hakuna polisi wala kiongozi wa mashtaka wa kuisukuma. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 17, zinasema kwamba mwaka 1 ukipita bila upande wowote kuchukua hatua, korti inaweza kuwaandikia wahusika waje waeleze kwa nini kesi isitupwe. Mlalamikiwa naye ana ruhusa ya kuomba itupwe. Kisha mwaka 2020 kanuni zikakazwa: miaka 2 ikiisha bila hatua yoyote, kesi inahesabiwa kuwa imetupwa. Hatua ni jambo la kuisogeza kesi mbele, kama kuwasilisha ombi au kutaka ipangiwe tarehe ya kusikilizwa. Kumpigia wakili simu si hatua.

Kuna pia kukosa kufika siku ya kusikilizwa. Mlalamikiwa akiwepo nawe haupo, korti inaweza kuitupa kesi yako siku hiyo hiyo. Ikitupwa hivyo, huruhusiwi kufungua nyingine juu ya madai yale yale. Unabaki na njia ya kuomba ile ya kwanza irudishwe.

Lakini jambo linaloziumiza zaidi familia za vijijini ni kifo. Mzee aliyefungua kesi anafariki, watoto wanazika, wanadhani kesi itaendelea kwa jina lake. Haiendelei. Lazima mtu apate kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu, kisha aombe kuingizwa kwenye kesi mahali pake, yote ndani ya mwaka 1 tangu kifo. Mwaka ukipita bila ombi hilo, kesi inakufa. Korti inaweza kuongeza muda mkiwa na sababu nzuri, ila kutoelewana kwa ndugu kuhusu nani asimamie ni sababu tusiyoitegemea sana.

Ikishatupwa, je? Unaweza kuomba ifufuliwe. Tangu uamuzi wa mwaka 1984 katika kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu, majaji huuliza kama ucheleweshaji ulikuwa mrefu na usio na udhuru, na kama bado haki inaweza kutendeka licha ya kuchelewa huko. Je, mashahidi wapo hai? Stakabadhi zipo? Kwa hiyo kila mwezi unaongoja unakuumiza. Ambatisha ushahidi wa kilichokuzuia: karatasi za hospitali, cheti cha kifo, barua ulizomwandikia wakili. Kumlaumu wakili peke yake mara nyingi hakutoshi, kwani korti husema kesi ni ya mwenyewe na alipaswa kuifuatilia.

Wengine huona heri kufungua upya pale sheria inaporuhusu. Tahadhari: muda hauhesabiwi tangu kesi ilipotupwa, bali tangu mgogoro ulipoanza. Madai ya ardhi yana miaka 12, mkataba miaka 6, na madai kama ya ajali miaka 3.

Nambari ya kesi iko kwenye karatasi ya kwanza iliyopigwa muhuri. Nayo hiyo nenda kwenye masijala ya korti, umwombe karani akuonyeshe faili ilitajwa lini na inarudi lini. Na kama umebadilisha laini ya simu, waachie nambari mpya pale na kwa wakili pia. Tangu 2020 hati za korti zinaweza kuletwa kwa ujumbe wa simu, na zikitumwa kwenye laini uliyoitupa hutaziona.