Takrima Mbele ya Mahakama

Neno takrima lina nasaba njema. Limetoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa karama, karamu na ukarimu, na maana yake ya asili ni heshima atendewayo mgeni. Waswahili walilipokea bila taabu, maana jambo lenyewe walikuwa nalo: mgeni hukaribishwa, hupewa maji, hukalishwa mkekani, na hulishwa kilichopo. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2000 neno hili lilianza maisha mengine katika Tanzania. Liliingia katika mabishano ya uchaguzi, likafikishwa mahakamani, na mwaka 2006 likahukumiwa. Yafaa tuifuate safari yake, kwa kuwa yatuonyesha ugumu wa kazi ya jaji aulizwaye kama mbunge alichaguliwa au alinunua kiti.

Asili ya sheria hii ni Uingereza. Huko, kuwalisha na kuwanywesha wapiga kura ili kupata kura zao kulikatazwa tangu mwaka 1696. Lakini kwa muda mrefu Bunge lenyewe ndilo lililosikiliza mashauri juu ya uchaguzi wa wabunge wake, na mara nyingi mapenzi ya upande yalishinda haki. Mwaka 1868 kazi hiyo ilikabidhiwa majaji, na mwaka 1883 sheria nyingine kali iliweka mpaka wa fedha ambazo mgombea aliruhusiwa kutumia. Katika sheria za Kiingereza tulizorithi yamo mambo haya mawili: kwamba karamu ya mgombea yaweza kuwa kosa, na kwamba mwamuzi ni mahakama. Leo Ibara ya 83 ya Katiba ya Tanzania yaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamua kama mtu amechaguliwa kihalali kuwa mbunge.

Uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ulipangwa kwa namna ya kuwaweka wagombea sawa. Wawili wawili walisimama jukwaa moja, wakasema kwa Kiswahili, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Hata hivyo malalamiko yalitokea. Katika shauri la Mbowe na Eliufoo, lililoripotiwa mwaka 1967, Jaji Mkuu Telford Georges aliweka kanuni ambayo majaji waliomfuata waliirudia mara nyingi: mahakama yapaswa kuridhika pasipo shaka ya maana kabla ya kuubatilisha uchaguzi. Kanuni hiyo ina hekima, kwa sababu si vema kura za maelfu zifutwe kwa uvumi. Lakini pia ni mzigo mzito. Mkono utoao rushwa hauandiki hati, na mkono upokeao hauna hamu ya kutoa ushahidi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mashauri yaliongezeka na mambo yaliyobishaniwa yakawa makubwa zaidi. Shauri mashuhuri ni lile la Aman Walid Kabourou, lililotokana na uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994. Miongoni mwa malalamiko yake yalikuwamo matengenezo ya barabara wakati wa kampeni na upendeleo wa Redio Tanzania. Uchaguzi ule ulibatilishwa, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ubatilishwe. Hapo ilidhihirika kwamba kishawishi si lazima kiwe noti iliyokunjwa kiganjani. Barabara nayo yaweza kulalamikiwa.

Ndipo likaja badiliko la sheria la mwaka 2000. Bunge liliongeza katika Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 vifungu vilivyosema kwamba jambo lifanywalo kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, lisihesabiwe kuwa kosa. Na gharama za kawaida za kampeni vile vile. Watu wakaufupisha ukarimu huo kwa neno moja: takrima. Pilau, vinywaji, kanga na fulana vikapata jina la heshima. Palipokuwa na methali isemayo penye udhia penyeza rupia, sasa palikuwa na sheria iliyompa mpenyezaji mahali pa kusimama.

Mashirika matatu yasiyo ya serikali, likiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalimshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama Kuu. Mwezi wa Aprili 2006 majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, walitamka kwamba vifungu hivyo vilipingana na Katiba. Hoja zao kubwa zilikuwa mbili. Kwanza, takrima yawabagua wagombea: mwenye mali ana cha kukirimu, na maskini hana, hali Katiba yawataka wote wawe sawa mbele ya sheria. Pili, sheria haikuonyesha mpaka. Desturi za watu zatofautiana, na hapana aliyeweza kusema ukarimu wa kimila waishia wapi na rushwa yaanzia wapi.

Kwa hoja hizo twaweza kuongeza ya tatu, itokayo katika lugha yenyewe. Katika takrima ya kweli, mwenyeji humpa mgeni. Mgombea afikapo kijijini kuomba kura ndiye mgeni. Wenyeji ni wapiga kura. Ikiwa mgeni ndiye alishaye, tena huja mara moja katika miaka mitano, utaratibu umepinduliwa. Mkono mtupu haulambwi, husema wahenga. Nao ulambwao kwa sababu umejaa haukupata heshima yoyote. Sheria ya mwaka 2000 iliazima jina la desturi na kuiacha desturi yenyewe.

Je, hukumu ilimaliza ugonjwa? Iliondoa ngao, haikuondoa mzigo wa ushahidi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 iliongeza nguvu kwa kuweka mipaka ya matumizi. Lakini swali la nani aweza kushitaki lilibaki zito. Mwezi wa Desemba 2012 Mahakama ya Rufani ilimrudishia Godbless Lema ubunge wa Arusha Mjini, uliobatilishwa mwezi wa Aprili mwaka huo kwa maneno ya kampeni, kwa kuwa wapiga kura walioshitaki hawakuonyesha kwamba haki zao wenyewe ziliguswa. Shauri lile halikuwa la rushwa, lakini kivuli chake chafika huko. Aliyekula hatasema, asiyekula huulizwa amedhurika nini.

Sheria ya mwaka 1985 sasa imekwisha ondolewa, na mahali pake pameshikwa na Sheria Namba 1 ya mwaka 2024. Maneno ya sheria hubadilika, lakini swali la Aprili 2006 halizeeki. Jaji hapimi wema wa pilau. Hupima kama aliyeila alibaki huru. Mpiga kura aliyelipwa amekwisha pokea haki yake yote siku ile ya kampeni, na kwa miaka mitano ifuatayo hana la kumdai mbunge wake.