Kasi Haitoshi: Vekta za Mwendo kati ya Lanet na Salgaa

Kasi hueleza chombo kinakwenda umbali gani kwa muda gani. Velositi huongeza mwelekeo, na kwa hiyo ni vekta: kiasi chenye ukubwa na upande. Katika barabara kuu inayopita Lanet, basi linaloelekea Nairobi na lori linaloelekea Nakuru mjini, yote yakienda kilomita 80 kwa saa, yana kasi ileile na velositi zinazopingana. Kila dereva humwona mwenzake akimjia kwa kilomita 160 kwa saa.

Mchapuko ni badiliko la velositi kwa muda, si badiliko la kasi peke yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Matatu ikiiacha barabara kuu na kukata kona ya digrii 90 kushika njia ya Dundori, mshale wa spidi unaweza kutulia kwenye kilomita 30 kwa saa mwanzo hadi mwisho, na bado gari likawa na mchapuko. Velositi mbili za mita 8.3 kwa sekunde zenye pembe mraba kati yake hutofautiana kwa mita 11.8 kwa sekunde. Kona ikichukua sekunde tano, mchapuko wa wastani ni kama mita 2.4 kwa sekunde kwa sekunde. Abiria huuhisi mbavuni: kiwiliwili chake kinataka kuendelea moja kwa moja, na ni kiti na ubavu wa gari vinavyomgeuza.

Ng'ambo ya Nakuru, kwenye mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa unaojulikana kwa ajali za malori, vekta inayotawala ni ile ya uvutano. Mchapuko wake ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde kwenda chini, lakini barabarani hufanya kazi ile sehemu yake tu inayofuata mteremko. Njia ikishuka mita 6 kwa kila mita 100, sehemu hiyo ni kama mita 0.59 kwa sekunde kwa sekunde. Ni ndogo, ila haipumziki. Msuguano na upinzani wa hewa ukiachwa kando, lori lililotolewa gia ili kuokoa mafuta, likianza na kilomita 30 kwa saa, baada ya nusu dakika litakuwa limeshuka nusu kilomita na kufikia karibu kilomita 94 kwa saa. Umbali wa kusimama tangu breki zishike hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki zilezile zitahitaji takriban mara kumi ya umbali wa mwanzo, hata kabla hazijashika moto.

Kanuni za barabarani za mwaka 2003, zinazokumbukwa kwa jina la waziri John Michuki, zililazimisha vidhibiti kasi vya kilomita 80 kwa saa kwenye magari ya abiria na malori. Zilikuwa na faida yake katika tambarare. Lakini kidhibiti hupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, na lori lililotolewa gia mteremkoni haliendeshwi na injini. Kidhibiti hakina cha kupunguza.