Kichwa cha Mzee si Kabati

Ukitaka kujua kichwa cha binadamu kinavyotunza habari, usianzie maabara. Anzia Umatumbi.

Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, Vita vya Majimaji vikawaka. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa ile dawa ya maji, Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti. Mafaili yao yaliandika ya kwao. Ya wenyeji yalibaki vichwani zaidi ya miaka 60, hadi Idara ya Historia pale Mlimani ilipowatuma wanafunzi, mwaka 1968, wakawahoji wazee vijijini. Gilbert Gwassa alikwishaanza kazi hiyo Umatumbi.

Wazee walisimulia nini? Viboko, akida, pamba, njaa. Tarehe, hamna! Wala si uzee. Kuna sehemu ndani ya ubongo, hipokampasi, inayounganisha sura, sauti na harufu za tukio moja. Likiingia na hofu au uchungu, linashika. Usingizi na kusimuliwa tena na tena vinalikomaza. Tarehe kavu itajishikiza wapi?

Sasa kuna jambo linanikosesha raha. Kukumbuka si kutoa shati kabatini. Ni kulishona upya kila mara. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha hivyo mwaka 1932: aliwapa wenzake hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, na kila walipoirudia ikazidi kuwa ya Kiingereza, mitumbwi ikageuka mashua. Hakuna aliyedanganya.

Basi wazee wale wa 1968 walikuwa wameshapata Uhuru, masikio yamejaa hotuba za umoja. Mimi nashuku umoja huo ulipenya kinyumenyume hadi 1905. Mwaka 1969 ikatoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ikasomwa mashuleni. Hussein mwenyewe alitahadharisha kuwa mtu wake si yule wa historia. Nani alisikia?

Waliouona moto ule wote wamekufa. Tumebaki na waliosimuliwa. Jirani yangu hapa Kinyerezi, mzee mzaliwa wa Kilwa, alinisimulia ya baba yake: jinsi walivyokula mizizi porini, na mama aliyemziba mtoto mdomo askari wakipita. Hapo sauti ilimkwama. Halafu akamtaja mganga, "Kinjeketile," kwa e, kama kitabuni. Nimeandika vyote daftarini, e na mizizi, na siku niliyosikia.