Kuku na bata ya parsele: kila mmoja na safari yake

Bandugu wasomi, tumezoea kusema kuku na bata ya parsele ni mifugo ya bankambo. Lakini zilifika kwetu kwa njia mbili. Kuku alitoka Azia ya kusini-mashariki, akaingia Afrika zamani sana kwa njia ya biashara. Bata yetu ile ya uso mwekundu ilifugwa kwanza na wenyeji wa Amerika. Ilivuka bahari kisha mwaka 1492, sawa vile muhogo na mahindi.

Kukaa pamoja kunaleta faida: kuku analalia hata mayai ya bata, ila yake inaanguliwa kwa siku 21, ya bata huyu karibu 35. Kunaleta matata pia. Ugonjwa wa Newcastle, uliotambuliwa 1926 huko Java na Uingereza, unamaliza kuku, lakini bata mara nyingi inabaki nzima. Kwa sababu hiyo tu, niliona mama mmoja mjane wa avenyu yetu, mwenye kulipa minerivali ya watoto kwa mayai, anaitwa mulozi.

Bata inaweza kubeba virusi bila kuugua. Si ulozi. Tuchanje kuku, tutenge malalo na maji. Na siku jirani anasingiziwa, msomi akinyamaza, diploma yake inasaidia nani?